Njia ya Likia kwa Miguu: Mwongozo Kamili wa Milima ya Pwani ya Uturuki, Kutoka Ovacık hadi Patara

Mtu wa kwetu aliyekulia kwenye habari za Kilimanjaro, akiambiwa kuna mlima wa mita 1,969 unaowatoa watu jasho, huwa anacheka. Babadağ, mlima unaoinuka nyuma ya ufukwe wa Ölüdeniz kusini magharibi mwa Uturuki, una urefu huo tu, na njia ya miguu haifiki hata kileleni. Inakata ubavuni, kwenye mita mia saba hivi. Hakuna baridi ya kuua wala kichwa kuuma kwa kukosa hewa. Kinachowasumbua watu hapa ni kiu. Milima hii ni ya mawe ya chokaa: mvua ikinyesha, maji yanazama kwenye nyufa na kwenda kutokea chini kabisa, mara nyingine baharini kwenyewe. Kwa hiyo unaweza kutembea nusu siku ukiitazama bahari nzima chini yako bila kupata tone la kunywa. Ukilishika hilo, mengine yote yanajipanga: msimu, uzito wa begi, saa ya kuondoka, na kijiji cha kulala.

Njia yenyewe Waturuki wanaiita Likya Yolu. Likia ni jina la kale la rasi hii ya milima iliyo kati ya Fethiye na Antalya, iliyokuwa na watu wake, lugha yake na miji yake kabla ya Warumi. Aliyeipima na kuiwekea alama ni Kate Clow, Mwingereza aliyehamia Uturuki, na ilifunguliwa mwaka 1999 ikiwa njia ya kwanza ndefu yenye alama nchini humo. Inaanzia Ovacık, juu ya Ölüdeniz, na kuishia karibu na jiji la Antalya, zaidi ya kilomita 500. Hakuna aliyechonga barabara mpya. Ziliunganishwa njia za punda, mapito ya wachungaji wa Kiyörük waliokuwa wakihamisha mbuzi kati ya pwani na malisho ya juu, na vipande vya barabara za mawe za enzi za Warumi.

Kuimaliza yote kunataka mwezi na zaidi. Mwongozo huu unahusu kipande cha magharibi, Ovacık hadi Patara, ambacho mtu mwenye miguu ya kawaida anakimaliza kwa wiki moja. Nimekichagua kwa sababu hapo mlima na bahari viko karibu zaidi, vijiji vimepangana kwa umbali wa kutembeka, na ukichoka katikati kuna gari la kukurudisha mjini.

Chagua msimu kabla ya kununua tiketi

Kuna madirisha mawili: mwisho wa Machi hadi katikati ya Mei, na katikati ya Oktoba hadi katikati ya Novemba. Juni hadi Septemba achana nayo. Joto linapita nyuzi 35 mara kwa mara, kivuli ni kidogo, na misonobari iliyokauka inawaka haraka. Majira ya joto ya 2021 moto mkubwa uliteketeza misitu ya mikoa ya Muğla na Antalya, na siku hizi serikali hufunga misitu kwa muda wakati wa hatari. Unaweza kufika na kukuta huruhusiwi kuingia. Desemba hadi Februari mvua inapiga kwelikweli, radi zinashuka milimani, na nyumba nyingi za wageni zinakuwa zimefungwa.

Kati ya madirisha hayo mawili, anayekwenda mara ya kwanza namshauri Aprili. Mvua za baridi zinakuwa zimejaza visima na mabirika, yaani matangi ya mawe ya kukusanyia maji ya mvua, milima ina maua, na siku ni ndefu. Bahari bado ina baridi, lakini hukuja kuogelea tu. Oktoba bahari ni ya uvuguvugu na hewa ni tulivu, ila mabirika mengi yanakuwa yamekauka au yamebaki na maji ya kijani chini, hivyo lazima ubebe zaidi.

Saa za Uturuki hazina tofauti na za Afrika Mashariki mwaka mzima, kwa hiyo hutabadilisha chochote mkononi. Mwanga ndio unaobadilika. Katikati ya Aprili jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama baada ya saa moja na nusu usiku. Mwisho wa Oktoba linachelewa hadi saa moja na dakika ishirini hivi, na kufikia saa kumi na mbili na robo jioni limeshazama. Sisi tuliozoea siku ya saa kumi na mbili mwaka mzima tunalisahau hili, na ndipo mtu anajikuta gizani juu ya genge akitafuta alama kwa taa ya simu.

Kufika hadi mwanzo wa njia

Masharti ya viza yanategemea pasipoti yako, na yanabadilika. Angalia kwenye tovuti ya serikali ya Uturuki yenyewe, evisa.gov.tr, wala si kwenye tovuti za madalali zinazofanana nayo na kutoza mara mbili. Turkish Airlines inaruka kwenda Istanbul kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Entebbe na Kigali. Istanbul unachukua ndege ya ndani hadi Dalaman, na kutoka uwanjani kuna basi la kwenda Fethiye, mwendo wa saa moja hivi.

Fethiye lala usiku mmoja au miwili. Kuna masoko na mashine za kutolea pesa, na ukutani juu ya mji kuna makaburi ya Walikia yaliyochongwa kwenye jabali tupu. Kubwa kuliko yote, la Amyntas, ni la karne ya nne kabla ya Kristo. Hapa ndipo ununue kopo la gesi kama utapika, maana ndege hairuhusu ulibebe, na laini ya simu. Turkcell ndiyo inayoshika vizuri zaidi huko milimani. Toa lira taslimu za kukutosha wiki nzima. Nyumba za wageni vijijini mara nyingi hazipokei kadi, na hata zikipokea, mtandao ukikatika utabaki unatazamana na mwenye nyumba. Bei sizitaji. Lira inashuka kwa kasi na bei ya msimu mmoja haifai msimu unaofuata.

Usafiri wa kuzunguka ni dolmuş, basi dogo linalojaza na kuondoka kama daladala, tofauti tu ni kwamba hakuna konda wa kukuvuta mkono. Lipa kwa dereva. La kwenda Ölüdeniz linapita Ovacık. Mwambie dereva "Likya Yolu" atakushusha panapostahili.

Siku ya kupasha moto miguu, nenda Kayaköy. Ni mji wa mawe ulioachwa mtupu, nyumba mia kadhaa bila paa juu ya kilima. Wakazi wake walikuwa Wakristo wa Kigiriki, waliohamishwa kwenda Ugiriki wakati wa mabadilishano ya watu ya 1923. Kutoka hapo kuna njia yenye alama inayokatiza msituni hadi Ölüdeniz, saa mbili na nusu hadi tatu. Ikiwa buti zako zitakuumiza, afadhali zikuumize hapa.

Mzigo

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huku hakuna mwenzio. Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila kiongozi, na wapagazi wanabeba chakula, hema na hata meza. Njia ya Likia haina geti, haina ada ya kuingia, haina mpagazi. Kila gramu iko mgongoni mwako. Begi likizidi kilo kumi bila maji, rudi ulipakue upya.

Ukiamua kulala kwenye nyumba za wageni, ambalo ndilo ninaloshauri kwa kipande hiki, huhitaji hema wala jiko. Pansiyon, kama wanavyoziita, zinatoa kitanda, chakula cha jioni na kifungua kinywa kwa bei moja. Kifungua kinywa ni zeituni, nyanya, matango, jibini nyeupe, mayai, asali na mkate usio na mwisho. Wengi wa wenyeji ni Waislamu, hivyo anayejali halali hana la kuhofia. Wengine hupenda kupiga hema, na kwa kawaida hakuna anayewafukuza, ila moto wa kuni usiwashe kabisa, hata ukiuzungushia mawe pande zote.

Viatu ndivyo vya kutolea pesa. Mawe ya chokaa yamechongoka na yanakata soli laini. Raba za kukimbilia mjini zitakufa siku ya tatu. Tafuta buti au viatu vya mlimani vyenye soli ngumu, ulivyokwisha kuvivaa angalau mwezi. Fimbo mbili za kutembelea zinaokoa magoti kwenye miteremko, na miteremko ndiyo mingi. Vaa suruali ndefu nyepesi hata kama kuna joto: vichaka vya huku vina miiba, na mwenye kaptula utamjua jioni kwa mikwaruzo. Kofia pana, koti jepesi la mvua, sweta moja, taa ya kichwani, betri ya akiba ya simu, plasta za malengelenge, na pakiti kadhaa za chumvi za ORS zile tunazowapa watoto wakiharisha. Hizo ORS watu wanazidharau hadi siku misuli ya paja inapokaza katikati ya mlima.

Alama na ramani

Alama ni mistari miwili, mweupe na mwekundu, iliyopakwa kwenye mawe, miti na kuta. Mistari ikipinda, njia inageuka. Ukiona X nyekundu, umepotea, rudi. Penye njia panda pengi kuna vibao vyenye majina ya vijiji na kilomita.

Kanuni yangu ni rahisi: ukitembea dakika kumi bila kuona alama, usiendelee kwa matumaini. Rudi hadi alama ya mwisho uliyoiona kwa macho yako, simama hapo, tazama upya. Mbuzi wametengeneza mapito mengi, na pito la mbuzi huonekana zuri kuliko njia halisi mpaka linapoishia ukingoni mwa genge. Barabara mpya za magari nazo zimefuta alama sehemu nyingine. Kwa hiyo pakua ramani na mstari wa njia kwenye simu kabla hujatoka Fethiye, zifanye kazi bila intaneti. Organic Maps ni ya bure na inatosha kwa wengi. Hali ya ndege ya simu inatunza chaji, na GPS inaendelea kufanya kazi.

Maji, ndiyo habari yenyewe

Beba lita tatu kwa kila siku ya kutembea kati ya vijiji, nne kama ni Oktoba yenye jua au kama unajijua unatoka jasho sana. Ni kilo tatu hadi nne za ziada asubuhi, na hakuna ujanja wa kuzikwepa. Wengine wanajaribu kupunguza kwa kusema watajaza njiani. Wajaze wapi?

Vyanzo viko vya aina tatu. Cha kwanza ni bomba la kijiji, na hapo tafuta msikiti. Karibu kila kijiji cha Kituruki kina msikiti, na kila msikiti una mahali pa kutawadhia, mabomba yamejipanga nje, na mara nyingi choo. Hakuna atakayekuuliza dini yako ukijaza chupa, lakini subiri kama watu wanajiandaa kuswali, na usioshe miguu yenye tope pale pa kunywea.

Cha pili ni chemchemi zilizojengewa ukuta wa mawe na bomba la chuma kando ya njia. Maji yakiwa yanatiririka muda wote, kwa kawaida ni mazuri. Wenyeji wakiyanywa, kunywa.

Cha tatu ni mabirika ya kale, mengine yenye kuba la mawe, yaliyojengwa kukusanya maji ya mvua mahali pasipo na chemchemi. Kuyaona ni raha: mtu wa miaka mia kadhaa iliyopita alikuwa na shida yako ileile na akaimaliza kwa mawe na chokaa. Kuyanywa ni jambo jingine. Mbuzi wanakunywa karibu, majani yanaanguka ndani, na mara nyingine utakuta panya amekutangulia. Beba kamba nyembamba ya mita tano, ufunge chupa shingoni, uteremshe bila kujiinamisha mwenyewe kwenye mdomo wa birika, kisha uchuje na kutia kidonge cha kusafishia maji. Hesabu birika kuwa akiba ya dharura. Usilipange kwenye ratiba.

Kila jioni muulize mwenye nyumba swali moja: maji yako wapi kesho? Neno lao ni "su". Onyesha ramani, atakuwekea kidole. Habari ya mtu aliyechunga mbuzi huko wiki iliyopita inazidi mwongozo wowote ulioandikwa, na huu ukiwemo.

Siku kwa siku

*Ovacık hadi Faralya, kama kilomita 14, saa sita hadi saba.* Anza mara tu kunapopambazuka, na si kwa sababu ya umbali. Njia inapita ubavu wa magharibi wa Babadağ, hivyo asubuhi mlima wenyewe unakukinga na jua. Ukianza saa tatu au saa nne, utapanda sehemu ngumu zaidi huku jua likikutwanga usoni. Kupanda kunaanza taratibu kwenye barabara ya vumbi, kisha njia nyembamba ya zamani inashika, yenye mawe yaliyopangwa. Chini unaliona wangwa la Ölüdeniz lote, buluu na kijani, na juu yako wanapita watu wenye miavuli ya kuruka waliotokea kileleni. Baada ya hapo kuna vijiji vidogo vya Kozağaç na Kirme, halafu mteremko hadi Faralya.

Faralya imekaa juu ya Kelebekler Vadisi, Bonde la Vipepeo, korongo lenye kuta za mamia ya mita linaloishia kwenye ufukwe mdogo. Kuna pito la kushuka huko kwa kushikilia kamba. Usilishuke. Watu wamekufa hapo, wengine wakiwa wapandaji wazoefu. Bonde utaliona vizuri kutoka juu, na ukitaka kukanyaga mchanga wake kuna boti kutoka Ölüdeniz.

*Faralya hadi Kabak, kilomita 8 au 9, saa tatu hadi nne.* Siku fupi, nusu yake chini ya misonobari. Fika mapema, oga baharini, fua nguo. Kesho kazi ipo.

*Kabak hadi Alınca.* Kilomita hazifiki hata nane, lakini unatoka usawa wa bahari hadi karibu mita 800, na karibu zote ni za kupanda. Hapa ndipo wengi wanapotambua kwamba "mlima mfupi" ni maneno tu. Panda kwa hatua ndogo zisizokatika, pumzika kabla hujachoka, na nusu ya maji iwe bado ipo ukifika katikati. Alınca ni nyumba chache ukingoni mwa anga, na pansiyon zake zina vitanda vya kuhesabika: piga simu siku mbili kabla, au mwombe mwenyeji wako wa Kabak akupigie. Duka usilitegemee. Kama wiki yako ni fupi na una usiku mmoja tu wa kulala juu ya mlima, ulale hapa.

*Alınca hadi Gey, kama kilomita 9, saa nne hadi tano.* Huu ndio uzuri wa njia yote ya magharibi. Rasi saba, Yediburunlar, zinaingia baharini moja baada ya nyingine, na njia inapita juu yake, mara kwenye msitu, mara kwenye ubavu mtupu wenye changarawe zinazoteleza. Sehemu kadhaa ni nyembamba na upande wa kulia ni bonde tu. Kukiwa na mvua au upepo mkali, subiri siku moja Alınca, au chukua gari kwa barabara ya juu. Hakuna wa kukucheka. Lipo pia tawi la ndani linalopita Boğaziçi na magofu ya Sidyma, ambako makaburi ya kale yamebaki katikati ya nyumba na mashamba ya watu. Ni rahisi kwa miguu ila bahari huioni.

*Gey hadi Gavurağılı kupitia Bel, kama kilomita 15, saa saba hadi nane.* Siku ndefu na kavu kuliko zote. Jaza kila chupa Gey, jaza tena Bel. Mwenye shaka na miguu yake aikate mara mbili, alale Bel. Baada ya Bel njia inashuka kwa muda mrefu kwenye mawe, na magoti ndiyo yatakayolia. Fimbo zirefushe kidogo, hatua zifupishe.

*Gavurağılı hadi tambarare la Xanthos.* Asubuhi utapita Pydnai, ngome ya kale ya kuta nene zilizopangwa bila saruji, na karibu hakuna mtu. Baada ya hapo mlima unaisha. Mbele yako ni tambarare la mto Eşen, limefunikwa na vibanda vya plastiki vya kulimia nyanya, na lami. Wanaotaka kusema wametembea kila hatua watembee. Mimi nasema chukua gari hadi Kınık, na muda uliouokoa uutumie Letoon na Xanthos, magofu mawili yaliyoingizwa pamoja kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1988. Xanthos ulikuwa mji mkuu wa Likia. Letoon palikuwa mahali patakatifu, pana mahekalu matatu, ya Leto na wanawe Artemi na Apolo. Hapo mwaka 1973 ndipo lilipopatikana jiwe lenye maandishi kwa Kilikia, Kigiriki na Kiaramu, lililowasaidia wataalamu kuisoma lugha ya Kilikia.

*Akbel hadi Patara, nusu siku.* Shuka kwa gari Akbel, kisha fuata alama kuelekea Delikkemer. Ni ukuta mrefu wa mawe, na juu yake mabomba ya mawe yaliyotobolewa katikati na kuunganishwa moja kwa moja, jiwe baada ya jiwe. Warumi walihitaji kuvusha maji ya mlimani juu ya bonde hadi Patara, wakayaacha yashuke kwa shinikizo upande mmoja na kupanda upande wa pili. Kwa mtu aliyebeba lita tatu mgongoni wiki nzima, mabomba hayo yanavutia kuliko hekalu lolote.

Mbwa, wadudu na dharura

Mbwa wa wachungaji, hasa wa aina ya Kangal, ni wakubwa na kazi yao ni kulinda mbuzi. Ukiwaona mbuzi, jua mbwa yupo. Zunguka kundi kwa mbali. Akija anabweka, usikimbie na usimrushie jiwe. Simama, fimbo chini, mwite mchungaji kwa sauti, kisha ondoka polepole bila kumpa mgongo. Anachotaka ni uondoke kwa mbuzi wake.

Nyoka wenye sumu wapo, nge pia. Usiingize mkono kwenye mwanya wa jiwe usiouona, kung'uta viatu asubuhi, na jioni kagua kupe kwenye kwapa na nyuma ya magoti. Namba ya dharura ni 112, kwa ambulansi, polisi na zimamoto. Pasipoti tembea nayo. Askari wa Jandarma husimamisha magari barabarani na kuomba hati, na mgeni asiye na kitu mkononi anachelewesha basi zima.

Joto likikuzidi, dalili za kwanza ni jasho jingi, kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu; kuanza kujikwaa au kuacha kutoka jasho ni ishara kwamba hali tayari ni mbaya. Mtu wa hivyo hatembezwi "hadi kijijini tu". Anakaa kivulini, anaroweshwa shingo na kichwa, anapewa maji ya ORS kidogo kidogo. Akianza kuchanganya maneno, usimnyweshe tena. Endelea kumroweshea mwili na piga simu hapohapo.

Patara, na kama siku zimebaki

Lala Gelemiş, kijiji kilicho mlangoni mwa Patara. Magofu yana ukumbi wa baraza uliokarabatiwa, ambako miji ya Shirikisho la Likia ilikutana: mikubwa ilikuwa na kura tatu, ya kati mbili, midogo moja. Zaidi ya hapo ni mchanga wa kilomita 18, ufukwe ambako kasa wa aina ya Caretta caretta hutaga. Msimu wa kutaga, kuanzia Mei, ufukwe hufungwa usiku. Usiingie na tochi.

Mwenye siku mbili zaidi achukue dolmuş hadi Kaş. Kusini mashariki mwa mji huo kuna rasi ya Uluburun, ambako mwaka 1982 mpiga mbizi wa sponji aliona mabaki ya merikebu iliyozama zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Wachimbaji walifanya kazi hapo kuanzia 1984 hadi 1994. Ilikuwa imebeba kiasi cha tani kumi za shaba, na pamoja nayo meno ya kiboko na magogo ya mti mweusi ambao wataalamu wameutambua: Dalbergia melanoxylon, yaani mpingo. Mpingo huota sehemu nyingi za Afrika, hivyo tusikimbilie kusema ulitoka Lindi. Vitu vyenyewe viko kwenye jumba la makumbusho la Bodrum, mbali kidogo na huku.

Kurudi nyumbani, Dalaman ndio uwanja wa karibu kwa aliyeishia Patara. Aliyefika Kaş anaweza kwenda Antalya kwa basi la pwani, safari ya kona nyingi ya saa tatu na zaidi. Weka siku moja tupu kabla ya ndege ya kimataifa. Kopo la gesi lililobaki mpe mwenye pansiyon, maana uwanjani watalitoa kwenye begi.